Bibi wa Mwavuli na Kaburi la Mama

Kijiji cha Magindu,
Kibaha.
Jumanne, 12 Agosti 1980

Kwa mdogo wangu Kristina, mama Gregori,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeitikia, hata kama umekaa peke yako hapo barazani na miwani ya baba Gregori puani. Hujambo? Baba Gregori kifua kimepoa, au bado anakohoa na tumbaku iko mkononi? Gregori na mkewe, na yule mtoto wao ambaye mpaka leo hamjaniambia ameitwa nani, wote hawajambo? Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto. Nikiinama kupalilia linalia kama mlango. Lakini napalilia hivyo hivyo, maana mihogo haiulizi goti.

Ile sabuni uliyompa Evodius aniletee imefika. Nimeikata kwa uzi vipande vitatu, na cha kwanza bado hakijaisha. Duka letu la kijiji tangu Pasaka lina chumvi tu na viberiti visivyowaka, sisi wengine tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Nashukuru sana, mdogo wangu. Jumapili nilikwenda kanisani na kanga inanukia, mpaka jirani yangu akaniuliza nimepata mchumba. Nikamwambia nimepata ndugu.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Zamani nilikuwa nasema, mtu anaandika, na wewe ulizoea kupata barua zangu zimenyooka. Hii imepinda, lakini inasomeka. Yule mwalimu wa kisomo aliyetufundisha sisi mabibi vizee pale godauni alisema herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Nilimkasirikia wakati ule. Leo namshukuru, kwa sababu hii ni barua ambayo siwezi kumtamkia mtu yeyote akaniandikia. Leo ni siku ya tatu naiandika, kidogo kidogo, nikitoka shamba.

Sasa barua yako. Umeniandikia kwamba ukoo umekaa, na kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu kaka Lukasi atakuja huku na wanaume sita na majembe, wamfukue mama pale mahameni, mumhamishie Marui kwenye makaburi ya kanisa. Umesema kibali cha wilaya kimeshapatikana, sanduku la mninga limeshachongwa, na Padri amekubali kusoma Misa. Umesema yote hayo ni kwa ajili ya ile ndoto yangu, kwamba mama alinijia amelowa chapachapa. Lukasi ameipima hiyo ndoto, akaipima na mvua za mwaka jana, akaona mama analala kwenye maji na anaomba atolewe.

Kristina, nakwambia kabla sijasema lingine lolote: hayo majembe yabaki Marui. Misa iwepo, watu waje, wali uliwe. Mama asiguswe. Najua Lukasi atasema Marselina amezoea kuamuru. Nimezoea, ni kweli, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza na yeye ni mtoto wa mama mkubwa tu, hata akiwa na mvi kiasi gani. Lakini safari hii nina sababu, na sababu yenyewe inaanzia kwenye sinema. Usicheke. Soma taratibu mpaka mwisho, usiruke kama ulivyokuwa unaruka mistari ya katekisimu.

Mwaka wa sabini na sita, wakati wa kiangazi, lilikuja hapa kijijini gari la sinema la serikali. Mwendeshaji wake alikuwa kijana mnene mwenye sauti ya kwaya, jina lake Leodegar, mtu wa Masaki huko huko Kisarawe kwenu. Alifika mchana, akatundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa godauni, akaweka mashine yake ya umeme mbali kidogo isipige kelele. Giza lilipoingia akatuonyesha kwanza picha ya mbu na picha ya choo. Hizo tulizijua. Kisha akasema, kwa kuwa mmekaa vizuri, nitawapa zawadi, picha ya mzimu kutoka Asia, Hongkongi huko.

Ile picha ilikuwa ya mwanamke mmoja wa Kichina aliyekufa kwenye mvua, akawa anatembea usiku na mwavuli uliochanika. Popote anapopita, hata kiangazi, matone yanadondoka. Nywele zimemfunika uso. Hakimbii, hapigi kelele, anakuja polepole kama mtu anayekwenda kusalimia. Na upepo wa siku ile ulikuwa unaitikisa shuka, basi uso wake ukawa unapumua. Mimi nimezaa watoto saba na nimezika watatu, sikuwa mtu wa kuogopa picha, lakini niliushika mkono wa jirani yangu mpaka akaniambia nimwachie, kidole chake kinakufa. Mama mmoja alikimbia, kanga ikabaki. Masika iliyofuata hakuna mtu kijijini aliyefungua mwavuli. Tulilowa sisi, tukalowesha na watoto. Siku moja mwalimu mkuu alifungua wake kwa ajili ya jua tu, wanawake waliokuwa kisimani wakatawanyika na ndoo zao. Tangu hapo yule mzimu tukamwita Bibi wa Mwavuli.

Waliokuwa kwenye shuka walikuwa wanasema Kichina. Aliyetuambia wanasema nini ni Leodegar, na kipaza sauti chake. Alikuwa anafanya sauti ya mwanamume, ya mtoto, ya mbwa hata. Karibu na mwisho, yule mzimu anafika kwenye mlango wa nyumba, na ndani yuko mwanamke mwingine anatetemeka. Anaweka kiganja chake kwenye mlango, maji yanachuruzika kwenye mbao. Leodegar akashusha sauti, akasema, huyu aliye ndani ni mdogo wake. Akasema kwa sauti ya yule mzimu kwamba hajaja kudai damu, amekuja kwa sababu ndugu yake anaishi na uongo, na yeye ndiye aliyeutunga, na hawezi kulala mpaka amwambie kwamba kosa lilikuwa lake. Mimi, Kristina, nilisikia kama nimemwagiwa maji.

Unakumbuka siku zile. Tulikuwa na miaka saba hatujasalimiana. Mama alikufa mwaka wa sitini na tisa, wewe ukafika siku ya nne, ukakuta kaburi limeshaota ukoka wa kwanza. Nami mbele ya matanga, mbele ya mashemeji na watani, nikakwambia umekuja kula wali, wenye mama tumeshamzika. Ukageuka na mzigo wako kichwani, hata maji hukunywa. Miaka saba. Ukamzika mtoto wako Laurensia, sikuja. Niliposikia, niliketi jikoni kutwa nzima, lakini sikuja.

Basi siku ya tatu baada ya ile picha nilifunga safari ya Marui. Haya mengine unayajua. Ulikuwa unatwanga na majirani zako wawili, ukaniona, ukaacha mchi kinuni. Nikakwambia mama amenijia ndotoni amelowa chapachapa, ameshika mwavuli uliochanika, ameniambia nenda kwa mdogo wako. Ulilia mpaka majirani wakaniuliza nimekufanya nini. Ukachinja yule jogoo uliyekuwa unamtunzia Krismasi. Tangu siku ile mpaka leo ni miaka minne, na katika umri wangu hakuna miaka minne niliyoipenda kama hii. Nilipovunjika mguu ulikuja ukanikalia wiki tano, ukinipikia na kunitukana. Nikiandika haya natabasamu peke yangu kama mwehu.

Sasa twende kwenye sehemu ya pili, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, utasema mwenyewe.

Majuma mawili yaliyopita mjukuu wangu Evodius, huyu anayefanya kazi ofisini Kibaha, alinijulisha kwamba Bibi wa Mwavuli amerudi. Sehemu ya pili itaonyeshwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi, watu wanakaa kwenye viti. Nikavaa ile kanga ya sabuni yako, nikapanda gari moshi, na kutoka stesheni nikapata lori mpaka Kibaha. Nilikuwa na furaha kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa aliyepona. Nilitaka kujua huyo mdogo mtu alifungua mlango au hakufungua. Miaka minne nilikuwa najiuliza, maana ile ya kwanza ilikatika pale pale mlangoni.

Kristina, nimekwenda kwenye harusi zilizokosa bwana harusi, lakini sijawahi kuona kitu kilichoharibika namna ile. Kwanza mwanamke siye. Wa mwanzo alikuwa mwembamba, ana huzuni. Huyu ana mashavu, amepaka midomo rangi, kama anayetoka kwenda dansi. Mwavuli ni mpya, mwekundu, unaruka wenyewe kama ndege ya Dodoma. Na kamba unaiona. Kamba kabisa, inang'aa, Evodius akanionyesha kwa kidole. Nusu ya picha ni wanaume wawili wanarushiana mateke hotelini, sijui wanagombea nini, stelingi, yule shujaa wa picha, anapigwa na kiti kinavunjika lakini nywele zake hazivurugiki. Mzimu mwenyewe anatokea mara tatu tu, na mara ya tatu anamkimbia jogoo. Mzimu gani anakimbia jogoo? Mimi nina majogoo wanne hapa, ningekuwa nimeshamaliza mizimu ya wilaya nzima.

Vijana walikuwa wanapiga miluzi, wanasema mrudishieni bibi wa watu mwavuli wake aende nyumbani. Nikasimama nikawaambia wanyamaze, wakubwa wao wanatazama. Kutoka nyuma mmoja akasema, shikamoo bibi, kaa chini, unaziba mzimu. Ukumbi mzima ukacheka, na Evodius naye, nilimwona.

Lakini kilichoniumiza hakikuwa hicho. Kilikuwa mwanzoni kabisa. Kabla hawajaanza hayo mapya, walirudia kidogo yale ya sehemu ya kwanza, ili watu wakumbuke walipoishia. Akatokea yule mwanamke wangu wa zamani, mwembamba, na mlango ule ule, na kiganja kwenye mbao. Na pale ukumbini hapakuwa na mtu wa kipaza sauti. Chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kiingereza yanapita. Nikamwambia Evodius anisomee upesi, huyu anasema nini mlangoni. Akasema, bibi, anasema nipe bangili ya kijani mliyoniibia, la sivyo nitaumaliza ukoo wenu wote. Nikamwambia asome vizuri, shule nimempeleka mimi. Akasoma tena, ni bangili. Nikamuuliza na huyu wa ndani, huyu mdogo wake, anajibu nini. Akasema, bibi, huyu si mdogo wake, huyu ni mtumishi wa nyumba, na anasema bangili imeshauzwa.

Nilikaa pale mpaka mwisho, macho yanatazama lakini moyo haupo. Nilikuwa najisemea, kumbe miaka yangu minne na Kristina imejengwa juu ya bangili.

Kesho yake sikurudi Magindu. Nilimwambia Evodius aniulizie yule Leodegar yuko wapi. Akaambiwa gari lake la sinema lilikufa kwa kukosa vipuri, naye amerudi kwao Masaki, analima mihogo na mikorosho. Nikaenda. Lori la watu wa mkaa lilinichukua, nikaketi mbele na dereva kama mkuu wa wilaya. Nilimkuta Leodegar anamenya mihogo mlangoni kwake, amepungua mwili. Akaniamkia shikamoo bibi, nikamwambia marahaba, na kabla sijakalia kigoda nikamuuliza bangili iko wapi.

Hakuelewa. Nikamweleza. Kristina, yule mtu alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Nilimfokea. Nikamwambia ametudanganya wazee wazima, ametufanya tulowe masika nzima, na zaidi ya hayo amenitoa mimi nyumbani kwangu na maneno ya kutunga. Alipomaliza kucheka akafuta macho, akaniomba radhi, akaniambia kazi yake ilivyokuwa. Alisema alisoma mpaka darasa la nne tu. Kichina hajui hata salamu. Yale maandishi ya Kiingereza yalikuwa yanapita kama panya, akikamata neno moja, kumi yameshakimbia. Na pale mbele wako watu mia tatu wanamtazama. Afanye nini, awaambie sijui?

Basi alikuwa na mtindo wake. Akifika kijijini mchana, akishatundika shuka, anatafuta nyumba inayotoa moshi, anakaribishwa chakula, anakaa anasikiliza. Mwenye nyumba anamwambia hiki na hiki, mtu wa njiani haogopwi, kesho hayupo. Usiku ukifika, yale aliyoyasikia anawapa watu wa kwenye shuka wayaseme. Picha ni moja, lakini kila kijiji kilipata ya kwake. Kuna kijiji kimoja, jina hakulitaja nami silitaji, alimfanya yule mzimu amtafute mtu aliyeficha sukari ya duka la ushirika. Mwenye duka hakumaliza picha, na asubuhi sukari ikaonekana. Mwishoni mwa kueleza akaniangalia, akasema, bibi, pale Magindu mimi nilikula kwako. Mihogo na kisamvu cha nazi. Nilimaliza chungu.

Hapo mdogo wangu ndipo nilipokumbuka. Ni kweli, alikula kwangu. Alikuwa na njaa, na ana macho ya mtu anayesikiliza, nami nilikuwa na miaka saba ya maneno tumboni. Nikamsimulia. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba hakutunga kitu. Yale maneno ya mlangoni niliyasema mimi mwenyewe jikoni kwangu mchana ule, yeye alimpa tu yule mwanamke wa Kichina aniambie.

Nilisimama. Kisha nikamshika kichwa nikambariki kama mwanangu. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kushukuru haraka. Lakini nilimshukuru yule kijana, kwa sababu kama angejua Kiingereza vizuri, wewe na mimi tungekuwa tumenuniana mpaka leo. Na hiyo sehemu yao ya pili, mbaya kama ilivyo, na kamba zake na jogoo wake, nayo naishukuru. Isingekuwa mbaya na isingenipeleka Masaki, barua yako ingenikuta nimekaa kimya, na Lukasi angekuja na majembe, nami ningesimama pembeni natazama.

Kutoka Masaki kuja kwako hapakuwa mbali. Leodegar alitaka kunisindikiza. Nilifika njia panda, nikasimama, nikageuka. Sikuwa na uso wa kukuambia macho kwa macho. Nilipofika nyumbani nikakuta barua yako ya majembe imeshawekwa chini ya chungu. Ndiyo maana unasoma hivi vidudu vyangu.

Sasa vuta pumzi, Kristina, ukae vizuri.

Mama hajawahi kunijia ndotoni. Sikuota kitu. Maji yale, mwavuli ule uliochanika, ni vya yule mwanamke wa kwenye shuka. Nilipokuja kwako mwaka ule nilikuwa nimebeba maneno mengine mdomoni, njia nzima nayarudia. Nikakuona na mchi, na wale majirani zako wawili wananitazama. Nikaona ni rahisi mama aseme kuliko mimi niseme. Nikamvisha mama nguo za yule mzimu, nikampitisha mbele yangu. Kwa hiyo mama halowi, na haombi kuhamishwa. Ninyi mnataka kufukua mifupa ya mzazi wetu kwa sababu ya picha ya Hongkongi.

Na maneno niliyokuwa nimeyabeba ni haya.

Siku zote umeamini Hilario, binamu yetu, alichelewesha habari ya msiba. Ukoo mzima unaamini. Mnasema alikunywa tembo Kisarawe siku mbili, habari ikalala mfukoni. Hilario hakunywa hata tone. Mimi sikumtuma mapema. Mama alikufa Alhamisi alfajiri. Wazee wakaniuliza kama Marui wameshapelekewa habari, tuwangoje mpaka kesho, nikasema nimeshatuma mtu tangu jana alipozidiwa. Nilisema uongo na mama yuko ndani hajafunikwa uso. Tukamzika alasiri ile ile. Watu wanaosha mikono ya udongo, ndipo nikamwita Hilario kando, nikamwambia aende. Mvua zilikuwa zimekata barabara, akatembea sehemu kubwa kwa miguu. Aliporudi akakuta wanamwita mlevi, akaniangalia mara moja, akanyamaza. Amenyamaza miaka kumi na moja. Nimemfuata juzi kwake, nikamwambia naandika. Akasema, sawa dada, lakini usiandike nilikuwa na baridi, watanicheka. Mimi naandika alikuwa na baridi, na viatu hakuwa navyo.

Kwa nini nilifanya vile? Nilimuuguza mama miezi minane. Wewe ulikuja mara moja, ukakaa siku mbili, ukasema mpunga wa mumeo unaliwa na ndege. Nilikasirika. Kila nilipomgeuza mama kitandani nilikuwa nahesabu siku ambazo hupo. Nikataka siku ya mwisho iwe yangu peke yangu, kwa kuwa kazi ilikuwa yangu peke yangu. Sikutetei na sijitetei. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Na kuna jambo moja zaidi, nalo sikumwambia hata Leodegar. Usiku ule mama aliuliza, Kristina amefika? Nikamwambia yuko njiani. Baadaye akauliza tena. Nikamwambia yuko karibu, mama, ameshavuka mto. Akasema, basi mwachieni chakula. Hakusema lingine mpaka alipokata roho alfajiri. Hilo ni lako, nilikunyang'anya, nimelikalia miaka kumi na moja. Nakurudishia leo.

Nilikosa, mdogo wangu. Si mama aliyesema, ni mimi. Kama utanuna, nuna, una haki, lakini usinune miaka saba maana hatuna.

Kuhusu Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu, naomba hivi. Njooni wote huku, na Padri kama atakubali. Wale wanaume sita nitawapa mapanga wafyeke mahame, wamezoea kukaa bure. Lile sanduku la mninga Lukasi aliweke darini kwake, kwa umri wake atalihitaji mwenyewe karibuni, na mwambie nimesema hivyo. Watu wakishakaa, mimi nitasimama niwaambie habari ya Hilario kwa mdomo wangu, yeye akiwepo. Kisha watani wanifanye watakavyo. Wanimwagie majivu, wanifungie kamba ya jogoo, sitajibu.

Jana nilikwenda kaburini kwa mama peke yangu, ili nisije nikawa natetea uongo mwingine. Nilipiga magoti, goti langu likalia, nikachimba kwa mkono pembeni ya msalaba mpaka kiwiko kikazama. Udongo ni mkavu, Kristina. Mkavu kabisa, umejaa mchwa, unamwagika vidoleni kama unga. Mama yuko pakavu. Mvua za mwaka jana zilipita chini bondeni, hazikupanda pale.

Barua hii nampa Evodius, ataileta mwenyewe Jumapili, nimeishona bahasha kwa uzi ili nijue kama ameichungulia. Mpe maji ya kunywa, na kama utakuwa na hasira usimwagie yeye. Ukitaka kunijibu, andika. Usipotaka kuandika, njoo.

Nisalimie baba Gregori, mwambie tumbaku itamtanguliza kaburini. Msalimie Gregori na mkewe, na huyo mtoto asiye na jina. Jirani yako yule mwenye mdomo mkubwa aliyekuwepo siku ya mchi, naye msalimie, na umwambie kwamba siku ile alikuwa na haki ya kuuliza nimekufanya nini. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako, niliyemzika mama bila kukuita,

Marselina binti Cornel